Mama Alipokaanga Kokwa za Mwaloni

Naikumbuka Alhamisi ile kwa harufu yake, mwanangu. Nilitoka kwenye lifti na mifuko miwili mkononi, viatu vya kazi vinanibana, nikakuta ukumbi wote wa ghorofa yetu unanukia kitu kinachokaangwa. Si vitunguu, si samaki wa jirani. Harufu nzuri, kama karanga na muhogo wa kuchoma vimekutana kwenye chungu kimoja. Nikasema moyoni, kuna nyumba leo inakula vizuri. Kumbe ni yangu.

Mimi shule sikwenda sana. Niliishia darasa la nne kule Dodoma, na mkono wangu wa kuandika mpaka leo unakwenda kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Lakini nimelea watoto watatu kwenye theluji, wote wana kazi zao na wajukuu wamenijaa sebuleni, kwa hiyo asije mtu akaniambia sijui kitu. Haya nayaandika kwa ajili yenu nyie wajukuu mnaosikia Kiswahili halafu mnanijibu Kiingereza. Someni polepole. Neno likiwashinda niulizeni, bado nipo.

Wakati ule ni miaka ya elfu mbili na kitu, nina arobaini hivi, nina nguvu, nasafisha vyumba kwenye hoteli karibu na uwanja wa ndege. Tulikaa kwenye majengo marefu ya Dixon, hapa Toronto, pale ambapo ndege zinapita chini mpaka unaziona tairi. Mama yangu mzazi, Nyemo, bibi wa wazazi wenu, alikuwa amekuja kututembelea. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Alifika majani yameanza kugeuka rangi, na alitakiwa kuondoka kabla ya Krismasi.

Sasa, chini ya jengo letu, kando ya ukuta wa maegesho, palikuwa na kipande cha ardhi kilicholaaniwa. Mchanga na kokoto. Ukuta ulikuwa unakipiga joto kutwa, mvua haikifikii vizuri, na majira ya baridi walikimwagia chumvi ile ya kuyeyusha barafu. Msimamizi wa jengo alishapanda maua pale mara nyingi. Ikifika Julai yamekauka kama yamepigwa pasi.

Hapo ndipo Mama Karim alipopanda mwaloni wake.

Mama Karim alikuwa Mhindi wa Dodoma. Ndiyo, wapo, msishangae. Wa dhehebu la Ismailia, baba yake alikuwa na duka karibu na stesheni ya treni, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alikuwa mjane, anakaa ghorofa ya chini yetu, ananizidi miaka mingi. Siku ya kwanza alipomwona mama yangu kwenye lifti, na kanga yake juu ya koti la baridi, akamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa." Mama alinishika mkono kama ameona mzuka. Lifti ilifika chini, mlango ukafunguka, ukajifunga, tukapanda tena juu, mama bado anamkodolea macho. Mwisho akamwuliza, "Wewe ni wa nani kule kwetu?" Kuanzia hapo wakawa wanaitana Mama Chiku, kwa jina langu mimi, na Mama Karim, kama wamelelewa mtaa mmoja.

Mwaloni mimi nilikuwa naujua jina tu, kwenye Biblia. Nilidhani ni mti wa kuficha jeshi zima. Huu wa Mama Karim haukuwa hivyo. Ni mwaloni mfupi, wa hapahapa Ontario, unaokaa kwenye mchanga mkavu ambako miti mingine inakata tamaa, na ukikua sana unamzidi mtu kidogo tu. Mche wake alipewa na bibi mmoja jirani, mzawa wa hapa, ambaye baadaye alifariki. Madukani hukuupata. Aliupanda mwaka aliofiwa na mumewe, na watu walimcheka. Mwaka wa kwanza ulisimama urefu wa kiganja. Mwaka wa pili bado urefu wa kiganja. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama Karim, huo ni mti au ni kijiti cha meno?" Akasema, "Uache. Unafanya kazi chini."

Hakuruhusu tuubembeleze. Maji aliupa ule mwaka wa kwanza tu, kwa chupa aliyoitoboa tundu dogo, ikitiririka polepole, halafu akaacha. Alisema ukiuzoesha maji ya juu, mizizi inabaki juu inangoja mkono wa mtu, na siku mtu akisafiri mti unakufa. Majani yake yakianguka hakuyafagia, nami nilikuwa naumia kuyaona, maana kwetu uwanja usiofagiwa ni aibu. Aliuzungushia waya kwa ajili ya sungura. Basi. Na ule mti, mwanangu, ukapanda taratibu mpaka ukanifika kiunoni, na vuli hiyo mama yangu alipokuja, ndiyo kwanza ukazaa.

Wiki zilezile zikabandikwa karatasi kwenye lifti. Maji yalikuwa yanavuja kwenye maegesho ya chini, kwa hiyo wangefukua udongo wote kando ya ukuta kwa mashine na kuuziba upya. Mama Karim aliisoma mpaka mwisho. Baadaye akaniambia, "Mti huu hauhamishwi. Una mzizi mmoja mkuu unaokwenda chini moja kwa moja, ukiukata umeuua. Kilichobaki ni mbegu." Akaziokota zote, akiwahiana na kindi. Akazitumbukiza kwenye maji, zilizoelea akazitupa kwa sababu ni mbovu, zilizozama akaziweka. Alitaka kuzipanda kwenye ua wa mwanawe Karim, huko Mississauga, kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini alikuwa na miadi hospitali, ya kutolewa mtoto wa jicho, na angelala kwa Karim siku chache. Akaja na mbegu zake zimefungwa kwenye kitambaa kibichi, ndani ya kopo la aiskrimu.

"Niwekee kwenye friji yako, Chiku. Zinataka baridi na unyevu. Kwa Karim siwezi kuzipeleka, mkwe wangu akiona kitu asichokijua kwenye friji anatupa."

Nikaziweka nyuma ya maziwa. Nilimwambia mama? Sikumwambia. Nani anasimulia vitu vya ndani ya friji?

Turudi kwenye ile Alhamisi. Nafungua mlango, namkuta mama yangu mezani anatafuna, amejifunga kanga yake mpya, na Mama Karim amekaa kwenye kiti cha mgeni, jicho moja limefunikwa kwa bandeji. Amerudi, amekuja kuchukua kopo lake. Na katikati ya meza kuna bakuli, na ndani ya bakuli kuna kokwa za mwaloni zimemenywa, zimekaangwa, zimetiwa chumvi, zinang'aa kwa mafuta. Mbili tatu zilikuwa bado zimevaa vikofia vyao, vile vikombe vidogo vya utosini, mama ameziacha kwa urembo.

Mfuko mmoja ulinidondoka. Mayai yalikuwa humo.

"Polepole, wewe," mama akasema. "Njoo ule. Nimemkaangia mgeni njugu zako. Ulikuwa unazifichia nani? Zilikuwa zimeshaanza kuharibika, zimetoa vimkia, nikaziwahi."

Vimkia, mwanangu. Mbegu zilikuwa zimeanza kuota.

Nikamtazama Mama Karim. Sijui nilitegemea nini, pengine kilio. Alikuwa anatafuna. Alichukua nyingine, akaitafuna, akasema, "Tamu, Mama Chiku. Hazina uchungu hata kidogo."

"Si nimekwambia? Kula, mama, macho yako yanataka nguvu."

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno, chini ya meza kisigino cha Mama Karim kikatua juu ya kidole changu cha mguu na kukaa hapo. Na lile jicho moja lililo wazi lilinitazama namna ambayo sitaki kutazamwa tena.

Ingeishia hapo ningesema ni ajali. Lakini mama yangu alikuwa na furaha ya kupata mtu wa kwao, na furaha ilimfungua mdomo. Akaanza kusimulia habari za mbegu. Alisema kwao, alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa anachagua masuke bora ya uwele na mtama, anayafunga, anayaning'iniza juu ya moto, kwenye moshi, ili wadudu wasiyaguse. Kila aliyeingia jikoni aliyaona na alijua. Ukaja mwaka wa njaa. Wakala majani, wakala mizizi ya porini. Mdogo wake wa mwisho alikuwa analia akinyoosha kidole juu, kwenye yale masuke, na mama yao akampiga kile kidole. Walilala na njaa, wamelala chali, wanaitazama mbegu.

"Hatukuigusa," mama akasema, na aliketi wima kama malkia. "Mvua iliponyesha tukapanda. Mtu aliyekula mbegu kwetu, hata maji humpi."

"Kweli kabisa," Mama Karim akaitikia, na akachukua kokwa nyingine.

Mimi nilikuwa nimesimama na ganda la yai mkononi. Nimeona mengi hapa Toronto. Nimeona maiti ikishushwa kwa lifti pamoja na watu wanaokwenda sokoni. Lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka pale, kumwona mtu anakula miaka yake yote, mmoja mmoja, na kumwambia aliyemkaangia kwamba chumvi imekolea.

Alipoaga nikamfuata hadi kwenye lifti.

"Nitamwambia," nikasema. "Siwezi kulala na hili."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba zile ni mbegu zako."

Akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa mkavu, mwembamba, lakini alinishika mpaka mfupa ukauma. "Umemsikia alivyosema pale mezani, au masikio yako umeyaacha hotelini? Yule mama akijua, chakula chako hakitapita tena kwenye koo lake mpaka apande ndege. Amenipokea vizuri kuliko nilivyopokewa na mtu yeyote tangu mume wangu alipofariki. Mti ni wangu. Nimeusamehe. Wewe una adabu au huna?"

Nikasema ninayo.

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza. Nilipogeuka kwenye mlango wangu nilimwona bado amesimama mbele ya lifti, hajabonyeza kitufe.

Ijumaa na Jumamosi mama alikuwa anaimba. Mhindi wako ana adabu, ananiambia, anakula bila kuchagua. Nenda ukanunue njugu nyingine za namna ile. Nikawa namjibu, zimekwisha dukani, mama.

Jumapili tulikuwa tunarudi kutoka kanisani, mimi, mama na binti yangu Neema. Mashine ya kufukua ilikuwa imeshaletwa, imeegeshwa pale kama mnyama anayengoja chakula. Na Mama Karim alikuwa ameinama chini ya mti wake, na bandeji yake, na fimbo, anapekua majani. Nilijua anachotafuta. Nikataka kumpitisha mama upande wa pili, lakini mama yangu haoni mtu ameinama akapita.

"Umepoteza nini, dada?"

Mama Karim alishtuka. "Hereni," akasema. "Hereni yangu imeanguka."

Mama akaweka Biblia juu ya pochi, pochi juu ya ukuta, akapiga magoti na nguo yake ya kanisani. Alikuwa na macho ya kuokota punje kwenye vumbi. Akapekua, akapekua. Hereni hakuiona. Akaona kikofia. Kikofia kidogo cha kokwa, tupu. Akakigeuza kwenye kiganja. Akainua uso, akatazama matawi ya ule mti mfupi, ambako vikofia vingine viwili vilikuwa bado vimeshikilia. Halafu akamtazama Mama Karim, upande huu wa kichwa, kisha upande ule.

"Hereni zako zote mbili zipo masikioni."

Mama Karim akashika sikio.

"Chiku," mama akaniita, bila kunigeukia. "Nakuuliza wewe niliyekuzaa. Nilikula nini Alhamisi?"

Neema akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini. Nikamwambia nyamaza.

"Ulikula mbegu, mama. Mbegu za mti huu. Kesho wanaufukua, na zilikuwa hizo tu."

Akakaa. Hakukaa kama mtu anayechagua pa kukaa, miguu ilimwacha. Nikakimbilia kumshika, akanipiga mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Nikasema basi, Mama Karim alikuwa sahihi, nimemuua mama yangu.

Ndipo alipozungumza, na hakuzungumza na mimi.

"Nilikaa mezani nikakusimulia habari za mama yangu na masuke yake. Na wewe unatafuna mbegu yako, unaniitikia."

"Sikutaka uaibike, Mama Chiku."

"Sasa nimeaibika mara mbili. Ungeniambia palepale ningeaibika mara moja. Tungelia, tungetukanana kidogo, halafu tungekuwa na siku za kufikiri cha kufanya. Wewe ukachukua siku zangu ukazificha. Mashine inaanza lini?"

"Kesho asubuhi."

"Unaona? Umenihurumia mpaka umenifunga mikono." Akafuta pua kwa upindo wa kanga. "Mtoto ndiye unayemfichia alichovunja. Mimi nina wajukuu. Nikivunja, niambie nimevunja."

Nilitegemea Mama Karim ajitetee, maana alikuwa na haki ya kujitetea kuliko mtu yeyote duniani siku ile. Aliinamisha kichwa. Akasema, "Umenipata." Na mama yangu akasema, "Chiku, katafute chepe."

Msimamizi wa jengo alinipa chepe na kamba na kunitazama kama nimechanganyikiwa. Niliporudi, mama alikuwa ameshaanza kwa mikono. Mama Karim anamwambia mti huu hauhamishwi, mzizi mkuu ukikatika umekwisha. Mama anamjibu, basi hatuukati. Kwao wanawake wanachimba mizizi ya dawa kwenye ardhi iliyokauka ikawa kama sakafu, na mzizi uliokatika hauna kazi, kwa hiyo wanajua kuufuata.

Tukafuata. Mwanangu, nilichokiona kwenye lile shimo ndicho kilichonifanya niheshimu vitu vifupi. Mti wenyewe unanifika kiunoni, shina lake kama kidole gumba. Chini, mzizi mnene kama mkono wa mtoto, umenyooka, unashuka. Tukachimba mpaka magoti ya mama yakazama. Unashuka. Tukapita mchanga, tukapita kokoto, tukakuta vipande vya matofali walivyofukia wajenzi, mzizi umevizunguka na kuendelea. Neema akalala kifudifudi na viatu vyake vyeupe, anatoa mchanga kwa kijiko. Mimi shimo likanifika kifuani na bado unashuka. Mama alikuwa anasema peke yake, kwa Kigogo, sauti ya mtu aliyekutana na mkubwa wake. Hata Mama Karim, aliyeupanda, alikuwa amefunika mdomo. Miaka yote ile alisema unafanya kazi chini, lakini hakuwahi kuiona hiyo kazi.

Mwisho mzizi ukaingia chini ya msingi wa ukuta. Hapo hapana njia. Jua lilikuwa linazama na vidole havisikii tena.

"Lazima ukatwe," nikasema.

Mama yangu akashusha mikono. "Mimi siwezi. Nimeshamkosea mara moja."

"Nipe kisu," Mama Karim akasema. Akashuka shimoni, na bandeji yake na umri wake, tumemshika kwapa mimi na Neema, akaukata mwenyewe.

Tuliubeba kwenye blanketi kama mgonjwa, mama upande mmoja, Mama Karim upande mwingine, hadi kule nyuma kwenye uzio ambako mashine haifiki, tukaupanda kwenye mchanga uleule mbaya unaoupenda. Hatukula pamoja usiku ule. Lakini wakati wa kuagana mama alimpa Mama Karim mkono, na Mama Karim akaushika kwa mikono yake miwili.

Mama akarudi Dodoma. Kila Jumapili akapiga simu, na kabla ya kuuliza watoto wazima, anauliza, "Mti umeamka?" Namwambia bado, mama, huku theluji. Theluji ikaisha. Miti yote ikavaa majani. Ule wetu umesimama kijiti. Nikajipa moyo kwamba mwaloni unachelewa kuamka, na ni kweli unachelewa. Lakini Juni ikaingia, na Mama Karim akainama akakwaruza ganda kwa kucha. Kahawia. Akakwaruza chini zaidi. Kahawia. Akaingiza kidole kwenye mchanga, shingoni mwa mzizi, kikatoka na kitu laini kinachonuka.

"Umekufa," akasema.

Ilikuwa Jumapili. Nikamwambia usijali, mama akipiga nitasema unaendelea vizuri. Yuko mbali, hatauona.

Mama Karim alinyooka, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Hapana. Hilo alishanifundisha. Mwambie, nami nitakuwepo."

Basi tukakaa sebuleni, simu katikati yetu. Ilipolia nikaipokea. Nikasema, "Mama, niko na Mama Karim hapa. Mti umekufa."

Nilidhani simu imekatika. Nikasikia kuku wa Dodoma nyuma, na mtu anatwanga.

"Mpe simu Mama Karim," akasema.

Nikampa, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Nilisikia wanalia wote wawili, huyu huku, yule kule. Kisha nikasikia Mama Karim anasema, "Lakini zilikuwa tamu, Mama Chiku, nisikudanganye," na kutoka kwenye ile simu kikatoka kicheko cha mama yangu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa msichana. Nikaacha bomba la maji linamwagika. Sikuelewa. Mtu amepoteza mti, mtu amekula mbegu, na wanacheka mpaka mmoja anakohoa.

Tangu siku ile simu ya Jumapili haikuwa yangu tena. Ilikuwa yao. Mama Karim aliuliza huku na huku karibu miaka miwili mpaka akapata kwa watu wanaopanda miti ya asili kokwa chache za mwaloni uleule mfupi. Safari hii alizifukia moja kwa moja kwenye ua wa Karim, mahali zitakapokaa maisha yao yote, na mama yangu akawa anamsimamia kutoka Dodoma kama mkurugenzi. Umetoa jani la ngapi. Usifagie majani yake. Huyo mkwe wako umemwambia ni nini, au unangoja aung'oe? Aliambiwa, nami nilikuwepo. Sasa hivi wazee wote wawili wamelala, mmoja huko, mmoja huku, na mti umesimama.

Sasa shikeni ninalowaambia, maana mtaolewa, mtaoa, mtakaa na watu, na watu watawaharibia vitu. Mtu akikukosea bila kujua, mbele ya wengine meza uchungu wako, mlindie uso wake, hata kama unachotafuna ni mali yako. Hilo Mama Karim alilifanya, na sijawahi kuona heshima kubwa kuliko ile. Lakini wageni wakishaondoka mwambie. Mwambie mapema, mkiwa wawili, kabla mashine haijaletwa. Usimfanye mtoto. Ukimficha kosa lake umemnyima nafasi ya kushika chepe, na akija kujua baadaye, ataona ulimwona mdogo. Na wewe ukiambiwa umekosea, kaa chini kidogo kama miguu imekuishia, futa pua, halafu uliza cha kufanya. Usife kwa aibu. Tuna kazi.

Na ukiwa na kitu unachokitunza moyoni, kitaje nyumbani. Hata kama kiko nyuma ya maziwa.

Mungu awape nyumba ambayo mtu anaweza kusema ukweli na bado akabaki kula. Awape marafiki wa kuwaambia mlichovunja, na awape nguvu ya kupiga magoti chini mkajaribu kukitengeneza. Kila nikimaliza kusali nataja majina yenu, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Kaeni salama, wanangu.